Sauti ya Binti Fisi

Bwenini, Kasulu
Jumapili, 4 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta Pastory mkononi. Haipiti ofisini, kwa hiyo hakuna mwalimu atakayeifungua. Na wewe isome ukiwa peke yako. Haya siwezi kuyasema kwenye simu ya Matroni, kila ukipiga kuna watu kumi nyuma yangu wanasubiri zamu na masikio yao.

Mama, sijui nimekuwaje. Nywele zimeniota juu ya mdomo. Nazikata chooni kwa wembe wa kuchongea penseli, baada ya siku tatu zimerudi. Nikitoka jasho nasikia harufu yangu mwenyewe, naona aibu hata kunyoosha mkono darasani. Wiki iliyopita damu ilinijia mstarini, tukiwa katikati ya wimbo wa taifa. Wenzangu walipotawanyika mimi nilibaki nimesimama. Nikamwambia mwalimu mguu umekufa ganzi.

Nalia bila sababu. Nakasirika bila sababu. Juzi nilijitazama kwenye kioo cha dirisha nikaona kama kuna mtu amevaa ngozi yangu, na mimi nimebaki ndani nagonga.

Na njaa, mama. Si njaa ya kawaida. Dunia, yule anayelala kitanda cha juu yangu, ana kopo la bluu lenye mfuniko wa njano, humo anaweka karanga kutoka kwao. Nilizila zote. Nilipiga magoti nyuma ya masanduku nikazila, nikalamba mpaka chumvi ya chini. Dunia alipoona kopo tupu alisema ni Catherine, kwa sababu Catherine hatumiwi kitu na kwao. Catherine amesafisha vyoo wiki nzima. Mimi nilimshikia ndoo.

Hakuna anayejua ila wewe.

Mwanao,
Elida

*

Ujiji
12 Februari 2024

Elida, mama yangu,

Marahaba mwanangu, marahaba na ya kesho. Pastory amenikuta ufukweni nageuza dagaa. Nikamwambia subiri, nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, maana mwandiko wako haustahili magamba. Mwandiko gani huo! Bahasha tu nimewaonyesha akina mama pale kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, bahasha, si ndani, wote wameinama kuitazama. Mimi niliishia darasa la saba pale Simbo, na hata hivyo nilikuwa wa tatu, wavulana wakiwemo. Kwa hiyo hujaokota.

Ya ndani nimeyasoma peke yangu, nimekaa kwenye kitanda chako.

Sasa nisikilize. Huumwi, kila msichana anapita hapo. Huo wembe wa penseli utupe leo, usije ukajikata mdomo. Harufu, paka limao kabla ya kuoga, nimekuwekea manane. Pedi nimeweka pakiti nne, kitenge cheusi cha kujifunga ukiwa mstarini nimeweka. Karanga nimekaanga vibaba viwili. Kimoja chako, kingine mwekee Dunia kwenye kopo lake wakiwa shambani. Halafu nyamaza.

Na mimi nanyamaza. Mdomo wangu mkubwa najua, Ujiji nzima wanaujua, lakini ulichoniambia kimefika kwangu kimekwisha. La mwanangu ni la mwanangu.

Habari za huku sasa, ucheke. Unamkumbuka Hamdani wa banda la video karibu na soko, yule anayeweka Kiswahili kwenye sinema za nje? Wanawake wote alikuwa anawasema yeye mwenyewe kwa kubana pua. Mjane analia kwenye sinema, watu wanacheka. Basi Jumatano amenisikia nagombana na mnunuzi wa Mwandiga aliyetaka kunipunja, akaacha chai yake akaja mbio. "Mama Elida, sauti hiyo ndiyo natafuta mwaka wa tatu huu!" Nikamwambia, "Umechelewa, ina mume." Lakini nimekubali.

Ni mimi mama yako,
Rozalia, msanii

*

Ujiji
3 Machi 2024

Elida mwanangu,

Mama yako amekuwa fisi.

Usishtuke. Ni hivi. Hamdani amepata sinema ya nchi moja ya baridi, miti mirefu, watu wanavaa makoti mpaka ndani ya nyumba. Lugha yao hatuijui, hata Hamdani anayejidai kujua zote. Lakini ndivyo kazi ilivyo: unatazama mdomo. Mdomo ukifunguka unatia maneno, ukifumba unanyamaza. Mchana banda likiwa tupu kwa joto tunafunga mlango, Hamdani anashika kompyuta, mimi nashika maiki.

Kuna binti wa umri wako. Mwezi ukijaa anageuka mnyama. Mnyama mwenyewe mimi naona ni mbwa tu mkubwa, masikio yamesimama. Nikamwambia Hamdani ukiwaambia watu wa Ujiji kwamba ni mbwa watakurushia viatu. Akasema basi ni fisi. Nikasema fisi hana mkia huo. "Mama Elida," akasema, "nani atakagua mkia?" Basi ni Binti Fisi.

Binti huyo anaongea sana peke yake mbele ya kioo. Hamdani akataka niseme, "Nataka nyama, nataka damu!" Nikaweka maiki chini. Nikamwambia, "Hamdani, wewe una watoto wanne wa kiume, huelewi kitu. Hapa hakuna cha kutisha. Huyu ni mtoto anavunja ungo. Nywele zinaota, harufu inabadilika, anamng'atia mama yake meno halafu anakwenda kulia. Hiyo nyama ni ya nini?" Hamdani akanitazama, akasema, "Haya, hayo hayo yaseme."

Mwanangu, maneno nikayapata. Usiniulize nimeyapata wapi. Ukija likizo utakaa mbele kabisa, utasikia mwenyewe, utafurahi. Waambie wenzako sauti ya Binti Fisi ni ya mama yako.

Mama yako,
Rozalia

*

Bwenini, Kasulu
10 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo msanii! Nimesoma barua yako mstari wa chakula nimecheka mpaka nimemwaga uji. Nimewaambia wote. Dunia anabisha, anasema mama wa dagaa hawezi kuwa kwenye sinema. Nikamwambia subiri utaona, utaficha wapi uso wako.

Karanga nilimwekea kama ulivyosema. Alipiga kelele akasema ni malaika. Na Catherine hakuambiwa hata samahani. Nikimwona naangalia chini.

Recho wa bweni letu anakwenda kwao Mwandiga Pasaka. Nimemwagiza aje nayo kwenye flash, mwalimu wa zamu hutuwekea sinema Jumamosi moja moja bwaloni. Nataka nikae mbele. Nikikusikia itakuwa kama nimerudi nyumbani dakika mbili.

Wembe nimeutupa kama ulivyosema, nywele nimeziacha ziote. Nimekuwa sijali sana.

Mwanao,
Elida

*

Ujiji
31 Machi 2024

Elida mama yangu,

Wewe hukuwepo, basi ngoja nikuweke hapo.

Ubao wa nje Hamdani ameandika kwa chaki: LEO BINTI FISI, SAUTI YA MAMA ELIDA. Jina lako limo, umeona? Mabenchi yamejaa, watoto wamekaa chini, wengine wamechungulia kwenye matundu ya makuti. Nimevaa gauni la harusi ya mjomba wako Filemoni. Baba yako ametoka Kagunga na mtumbwi, amekaa mbele ametanua kifua kama yeye ndiye aliyenifundisha kuongea.

Walianza kwa kucheka. Ikafika ile ya kioo, kimya. Kimya, Elida! Banda la Hamdani, ambamo watu humjibu adui wa sinema! Mwishoni wanawake wanafuta macho kwa kanga. Mama mmoja wa Kikongo, sisemi naye tangu ule ugomvi wa vichanja, amenishika mabega: "Yebabawe, huyo ni mimi. Huyo fisi ni mimi nilipokuwa msichana." Mzee Mwinshehe wa kahawa anauliza, "Mama Elida, maneno haya umeyatoa wapi?" Nikamjibu, "Nimeyazaa." Baba yako naye amelia, halafu akasema ni moshi wa jenereta.

Hamdani anasema watu wanainakili, hata watu wa boti. Mama yako amevuka ziwa bila tiketi!

Recho nimempa flash mwenyewe, mkononi. Nimemwambia, wekeni sauti juu.

Mama yako,
Rozalia

*

Bwenini, Kasulu
21 Aprili 2024

Mama,

Walituwekea jana.

Nilikaa mbele kama nilivyotaka. Niliwanyamazisha mimi. Nilisimama juu ya benchi nikasema atakayeongea atatoka. Sauti yako ilipotoka mara ya kwanza nikapiga kelele, huyo ni mama yangu! Wakapiga makofi. Hata Dunia.

Halafu yule binti akasogea kwenye kioo, ukasema, kuna mtu amevaa ngozi yangu, na mimi nimebaki ndani nagonga.

Nikafikiri labda ni neno la kawaida, labda hata huko kwao wanasema hivyo. Ukaendelea. Nywele za juu ya mdomo. Wembe wa penseli. Wakaanza kucheka, wakanigeukia, maana mdomo wangu wanauona kila siku. Ukaja wimbo wa taifa na mguu uliokufa ganzi. Mama, nchi ile ya baridi wanaimba wimbo wa taifa mstarini?

Halafu yule binti anakula kuku mbichi kwenye banda. Kuku, mama, na manyoya yake. Na wewe unasema, nilikula za mwenzangu kwenye kopo la bluu lenye mfuniko wa njano, akaadhibiwa mwingine, mimi nikamshikia ndoo.

Dunia hakupiga kelele. Aligeuka tu taratibu akanitazama. Catherine alikuwa nyuma, nikasikia benchi linasukumwa. Akaja mpaka mbele, mbele ya mwanga, watu wakamzomea awapishe. Akaniambia, "Ulinishikia ndoo." Maneno hayo tu. Nikatoka nje. Wewe ulikuwa bado unaongea, nimekusikia mpaka kwenye tangi la maji.

Sasa naitwa Fisi. Asubuhi wameniachia mifupa ya samaki juu ya kitanda.

Niliandikia mtu mmoja. Nilimpita Matroni, nikawapita walimu, nikampita Recho ambaye tunagawana shuka, nikakuandikia wewe.

Elida

*

Ujiji
26 Aprili 2024

Elida mwanangu,

Nimempigia Matroni mara nne, anasema umekataa kuja kwenye simu. Haya, nitaandika.

Jina lako sikulitaja hata mara moja. Nakuapia. Nani angejua? Kama Dunia hana kopo la bluu nani angejua? Nilijua mimi sinema itafika Kasulu? Nilidhani inaishia kwa Hamdani, watu wacheke, waende zao. Ni wewe uliyemwagiza Recho.

Na ujue ilivyokuwa. Mdomo wa yule binti umefunguka, Hamdani ananipungia mkono, sema, sema, na mimi sina neno. Mimi Rozalia nimekosa neno! Barua yako ilikuwa kwenye kifua cha gauni langu, natembea nayo kila mahali tangu siku ilipofika. Nikaifungua. Nilitaka sentensi moja tu. Ikaingia sawasawa kwenye mdomo wake, kama aliyeandikiwa. Nikasoma ya pili. Hamdani machozi yanamtoka na yeye ndiye anayebana pua! Nikaona mtoto wangu ana kipaji, wacha watu wasikie. Wanawake wazima wamelia kwa maneno yako, Elida. Kuna mama mwingine huku ambaye maneno ya mtoto wake yamewahi kuliza watu hivi?

Hao wasichana watasahau. Nimekutumia debe dogo la karanga, wape bweni zima, kila mmoja kiganja, utaona.

Mama yako anayekupenda,
Rozalia

*

Bwenini, Kasulu
5 Mei 2024

Mama,

Karanga nimemrudishia Pastory. Usinitumie karanga.

Nina swali moja. Kwenye barua yangu niliandika, hakuna anayejua ila wewe. Hiyo uliisoma kwenye maiki au uliiruka? Mimi sikuifikia, nilikuwa nimetoka. Recho anasema ipo.

Elida

*

Ujiji
12 Mei 2024

Elida,

Ipo.

Niliisoma. Hapo ndipo walipolia.

Karatasi hii ni ya nne, tatu nimezichana. Katika zile tatu nilikuwa najieleza. Nimegundua kila nikijieleza nafika kwenye makofi.

Nilikwenda kwa Hamdani kumwambia afute. Alikuwa anaandika ubaoni, Binti Fisi Sehemu ya Pili. Akasema, "Mama Elida, nifute nini? Iko Mwandiga, iko Kagunga, imeshavuka Burundi. Nikifuta hapa nimefuta moja." Nikamwambia basi ya pili usinihesabu. Akacheka: "Fisi bila sauti yako ni mbwa tu." Zamani ningeirudia hiyo kwenye vichanja wiki nzima. Nilichukua kitambaa nikafuta jina lako kwenye ubao wake, nikaenda zangu. Akina mama wakiniuliza kwa nini nimeacha, nasema koo linauma. Ni mara yangu ya kwanza kuwaficha kitu, na wao wamejua ni mara ya kwanza, wamenitengenezea chai ya tangawizi.

Nilitaka nipande basi nije nimwambie Catherine kwamba kosa ni langu. Nimefika mpaka stendi na kapu. Nikakumbuka ni mdomo wangu huu huu. Ningefika getini nikaanza kuongea, mlinzi angejua yote kabla sijaandika jina kitabuni. Nikarudi na kapu langu.

Nilikuambia huumwi, kila msichana anapita hapo. Sikukuambia mimi nilipitaje. Ndani ya hii kuna karatasi ya pili, nimeikunja na kuifunga kwa uzi mweusi. Humo kuna jambo langu la mwaka nilipokuwa na miaka kama yako, Simbo. Bibi yako alikufa hajui. Baba yako hajui. Watu wanadhani Rozalia hana siri kwa sababu anaongea sana. Nimeongea miaka thelathini ili wasiulize hilo.

Sikuandika ili unisamehe. Nimekupa uwe na changu, kama mimi nilivyokuwa na chako. Ukitaka kumsomea Recho, msomee. Ukitaka kusimama kwenye benchi bwaloni, simama. Mimi sitakuwa na la kusema.

Shule ikifungwa, kitanda chako nimekitandika.

Mama yako

*

Bwenini, Kasulu
26 Mei 2024

Mama,

Shikamoo.

Tunafunga Ijumaa. Nitashuka Mwandiga na akina Recho, kisha baba atanichukua bandarini Kibirizi nipande naye boti kwenda Kagunga kwa shangazi Esther. Nitakaa huko likizo yote. Usije kunisubiri stendi.

Nilikwenda mwenyewe kwa Matroni nikasema ni mimi niliyekula karanga. Nimesafisha vyoo wiki mbili. Siku ya mwisho Catherine alikuja akanishikia ndoo. Dunia bado ananiita Fisi, wengine wameanza kuchoka.

Muhula ujao nitahitaji sabuni mbili za mche, pedi pakiti tatu na daftari kubwa la Hisabati. Nikihitaji kingine cha namna hiyo nitakuandikia. Mambo yangu mengine sitakuandikia tena. Usiniulize kwa nini kila barua.

Karatasi ya pili niliisoma nyuma ya shamba la mihogo. Nikaisoma tena. Nilikaa huko mpaka kengele ya chakula ikanipita. Kisha nikaipeleka jikoni, nikaitia chini ya sufuria la maharage na uzi wake, nikasimama hapo mpaka ikaisha. Mpishi aliniuliza nachoma nini. Nikasema hesabu nilizokosea.

Recho ameuliza kwa nini macho yangu mekundu. Sikumwambia.

Hakuna anayejua ila mimi.

Elida